Chungu cha Shule na Sengu ya Wazee

Msafiri atokaye Kigonsera kushuka Ziwani siku hizi hana haja ya kufunga chakula cha njiani. Hupanda basi asubuhi, hupita Mbinga, na siku haijawa kubwa huyaona maji ya Nyasa yaking'aa chini ya milima. Lami imefika hata Mbamba Bay: toka Peramiho hata Mbinga ni kilometa 78, na toka Mbinga hata ufukoni yapata 67 zaidi. Wazee wetu njia hiyo waliikata kwa miguu, kwa siku kadiri ya mzigo wa mtu, wakishuka na mahindi na maharage, wakipanda na samaki wakavu. Jua likiwachwea, walilala katika mji wa kwanza waliouona, wakala kilichokuwamo, na asubuhi wakaaga. Hakuna aliyeuliza bei.

Hatuwezi kuililia njia ile. Aliyepata kumchukua mgonjwa kwa machela juu ya milima ile hataiita njema. Basi ni rehema, na samaki wa Mbamba Bay wafika kwetu wakiwa wabichi. Lakini ndani ya basi hilo tuliona jambo dogo, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Ilikuwa mwezi wa Juni, nasi walimu wawili tulikuwa tukishuka Mbamba Bay kwa shughuli zetu. Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Kinyasa na mtoto wake wa miaka kama sita. Tulipokwisha kupita Mbinga alifungua kikapu, akatoa ugali wa muhogo uliofungwa katika jani la mgomba, na usipa wa kukaanga, yaani dagaa wa ziwa letu. Kabla hajamega aligeuka kulia na kushoto akasema, “Karibuni, ndugu zangu.” Sote tulio karibu tukajibu, “Starehe, mama, ahsante.” Hakuna aliyenyosha mkono, wala yeye hakutazamia mtu anyoshe. Nyuma yake vijana wawili walikuwa wakila biskuti, nyuso zao zimeelekea dirishani, nao hawakumkaribisha mtu. Hatukuona ubaya wa vijana hao; biskuti nne si karamu. Walakini tuliona kwamba mama na vijana walifanya jambo moja: kila mtu alikula chake. Tofauti ni kwamba mama alilikumbuka neno, na neno lenyewe limebaki bila kazi.

Desturi ya neno hili si yetu peke yetu. Katika Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 upande wa mashariki ya Asia, mtu akiwa anakula naye mwingine akipita, humwambia “Kain tayo,” maana yake, “Tule.” Mara nyingi mpita njia hushukuru, husema ameshiba, akaenda zake, na wote wawili wameridhika. Watoto wa huko huutwaa mkono wa mzee wakaugusisha juu ya kipaji cha uso wao, kama wetu wanavyotoa shikamoo. Watu walio mbali namna hii, na neno ni lile lile, na jibu ni lile lile! Tutawarudia baadaye, maana kuna jambo walilolitenda ambalo lafaa walimu wa huku walijue.

Huku Umatengo neno la kukaribisha halikuwa adabu tu. Lilikuwa na mahali pake, napo paliitwa sengu. Kijana wa leo akilisikia jina hilo hudhani ni ngoma. Wamatengo walikaa kwa koo, kila ukoo katika mgongo wake wa mlima ulio kati ya vijito, na nchi hiyo ya ukoo huitwa ntambo. Mkubwa wa ukoo alikuwa na uwanja wake, na hapo wanaume walikutana, na wavulana pamoja nao. Kila nyumba ilileta chakula chake, vikawekwa pamoja, wakala pamoja. Wanawake na wasichana walikula upande wao. Walipokwisha kula yalisemwa maneno ya ukoo: nani alime wapi mwaka huu, mbuzi wa nani ameingia shamba la nani, kijana yupi ametimia kuoa. Wavulana walisikiliza. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yao, na mwalimu wake alikuwa kila mtu mwenye mvi.

Hakuna aliyeuliza, “Nyumba yako leo imepika nini?” Hapakuwa na haja, maana ilionekana. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo nguvu ya sengu ilipokuwa: si katika wema wa mioyo, kwani watu wa kale hawakuwa malaika, bali katika kula mbele ya macho. Nyumba iliyoleta kidogo siku tatu mfululizo ilijulikana, ikaulizwa: je, mna mgonjwa, au jembe limelala? Ikiwa ni ugonjwa, walipelekewa watu wa kuwalimia. Ikiwa ni uvivu, baba wa nyumba aliambiwa mbele ya wenziwe, na maneno yale yalimwuma kuliko fimbo. Lakini wakati baba akikemewa, mkono wa mwanawe ulikuwa ungali katika bakuli pamoja na mikono ya wengine.

Hata mashimo ya ngoro, ambayo wageni hutoka mbali kuja kuyatazama, yana jamaa na sengu. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19, Wangoni walipokuwa wakipiga vita, Wamatengo walisongamana juu milimani, wakalazimika kulima miteremko mikali ambayo mvua moja yaweza kuichukua udongo wote. Ndipo wakashika kilimo hiki: wanaume hufyeka majani na kuyalaza katika miraba, wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo ule. Mlima wote huwa kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hukaa mashimoni badala ya kukimbia na udongo, na majani yaliyozikwa huoza yakawa mbolea. Maharage hupandwa mwezi wa Machi juu ya matuta hayo, na baadaye mahindi. Kazi hiyo ni nzito. Mtu na mkewe peke yao huchoka mapema. Mikono ya kusaidiana ilipangwa sengu, baada ya kula.

Sengu haikuuawa na mtu mmoja. Kahawa ilianza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920, na mti wa kahawa una mwenyewe: fedha yake huingia mfuko wa mtu mmoja, haiwekwi uwanjani. Vijana walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine migodini Afrika ya Kusini, wakarudi na desturi nyingine. Sisi walimu tuliwaita wavulana darasani. Vikaja vijiji vya miaka ya 1970, nyumba zikapangwa kwa mstari, na jirani wa mtu hakuwa tena nduguye wa ntambo moja. Tulimwuliza mzee mmoja sengu ya kwao ilikoma lini, akafikiri kitambo akajibu, “Wanangu, sisi tulianza kula ndani mwaka ule tuliponunua meza.” Jibu hilo tulilipenda kuliko maelezo mengi ya vitabu. Meza ya watu wanne haiwezi kuwa sengu.

Basi tulipokuwa tukiyasimulia haya kwa sifa nyingi, bibi mmoja mzee, ambaye mjukuu wake yu darasa la tatu, alicheka. “Ninyi walimu mwasifu kula,” akasema. “Mimi nilikuwa nikipika.” Akatueleza jinsi wanawake walivyotoka shambani na mgongo unawauma, wakatwanga, wakateka maji, wakapika kwa haraka ili chakula kisichelewe kufika uwanjani, na chakula kikichelewa, jina la mwenye nyumba lilitajwa kati ya wanaume, naye mume alirudi na maneno. Nyama nzuri ilikwenda huko. Shauri la shamba lilikatwa huko, na mwanamke, ambaye ndiye aliyechimba shimo la ngoro, hakuwapo. Mjane aliyehukumiwa vibaya hakuwa na uwanja mwingine wa kulilia.

Hatukuweza kumjibu, wala hatukutaka. Tangu siku ile hatusemi tena kwamba sengu irudi. Twauliza neno moja tu: ile kazi iliyofanywa na sengu, ya kumwona mtoto asiyekula, sasa yafanywa na nani?

Maana mlango ukifungwa, huonekani. Mkoa wetu wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi katika Tanzania. Malori hujaa magunia, na watu wa mikoa mingine hula jasho letu. Walakini uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa wa mahindi na watoto wafupi! Sababu si moja. Mahindi peke yake si chakula kamili. Maharage, ambayo yangewafaa watoto, huuzwa mapema kwa kuwa yana bei. Mama yu shambani mchana kutwa wakati wa mvua, na mtoto hula mara moja jioni. Tena kuna magonjwa na maji machafu. Njaa ya namna hii haipigi kelele. Nyumba ina bati, ghala lina magunia mawili, na jirani hawezi kujua.

Sisi twaijua saa saba mchana. Mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kitu, akatembea kilometa nne, saa nne angali na nguvu ya kucheza. Saa saba macho yapo ubaoni lakini mwenyewe hayupo. Mtu asiyefundisha hudhani ni mjinga.

Mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake, tangu darasa la kwanza hata kidato cha nne, na watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wakaja. Lakini chakula cha watoto wanaorudi nyumbani kila jioni kimebaki juu ya wazazi. Kwa hiyo vijiji hukutana, vikapatana: kila mzazi atoe mahindi kadiri fulani, maharage kadiri fulani, na fedha kidogo ya chumvi na ya mpishi. Makande yakipikwa, darasa la mchana huwa darasa jingine kabisa. Jambo hili ni jema, nasi tumelisemea katika mikutano mingi.

Sasa tutasema lililotuuma. Katika shule moja tuijuayo, ambayo jina lake hatulitaji, palitolewa amri kwamba mtoto ambaye mzazi wake hajaleta, asipange mstari. Kengele ikapigwa, wengine wakashika bakuli, na watoto kama ishirini wakatengwa wakaenda nyuma ya jengo. Tuliwafuata. Wakubwa walijifanya wanacheza mpira wa makaratasi. Mtoto mmoja wa kike, mdogo, alikuwa amekaa ukutani. Tukamwuliza kwa nini haendi kula, naye akainuka kwa adabu, akashika mikono mbele, akajibu, “Nimeshiba, mwalimu.”

Hilo ndilo jibu la ndani ya basi. Mtu mzima akisema ameshiba, huwa anamwondolea mwenziwe mzigo. Mtoto yule alikuwa akituondolea sisi mzigo, naye hakula tangu jana yake jioni.

Walioitoa amri ile si watu wabaya, na hoja yao yafaa isikizwe. Baba mmoja, aliyeleta debe lake kichwani toka kilimani, alisema mkutanoni: “Mwalimu, nikiona mtoto wa yule asiyeleta anakula sawasawa na wangu, mwakani nami sileti. Na wa tatu hataleta. Ndipo chungu kitakapovunjika, wala hatakula mtu.” Ni kweli tupu. Tumeona vyungu vikivunjika hivyo hivyo, mwezi wa pili tu. Tena miongoni mwa wasioleta wamo wenye kahawa, wenye pikipiki, wenye kunywa fedha ya debe kila Jumamosi.

Lakini maneno hayo yote ni maneno juu ya mababa. Mwenye deni hakuwa mstarini. Sengu ililijua jambo hili: ilimkemea baba na kumlisha mtoto, mahali pale pale, saa ile ile. Shule huyachanganya mawili haya kwa sababu iliyo nyepesi tu, kwamba mtoto yupo karibu na baba yupo mbali. Humpiga anayefikiwa na mkono. Nasi twaona kwamba hapo palipo na kosa si pa kuongeza huruma wala kuhubiri upendo. Ni pa kubadili utaratibu, ili deni limfuate mwenyewe hata nyumbani kwake.

Hapa twawarudia Wafilipino. Watu hao, pamoja na neno lao zuri la kukaribisha, hawakuliachia neno hilo peke yake kazi ya kuwalisha watoto. Mwaka 2018 walitunga sheria, nayo ni Na. 11037, inayoagiza kwamba watoto wenye upungufu wa chakula mwilini, walio katika shule za awali na za msingi za serikali, wapewe mlo mmoja ulioongezwa virutubisho, kwa muda usiopungua siku 120 katika mwaka, kwa fedha ya serikali. Tazameni ni nani anayechaguliwa: si yule ambaye baba yake ameleta, bali yule ambaye mwili wake wasema hakula. Mizani na kipimo cha urefu vyafanya kazi ya macho ya wazee wa uwanjani. Hatusemi kwamba njaa imekwisha kwao, la. Wazazi wengi wa huko huenda kutafuta kazi ng'ambo, na watoto hubaki na bibi zao, kama ilivyokuwa kwetu siku za Tanga. Lakini wameandika katika sheria kwamba mtoto wa mwingine ni shauri la wote.

Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, na chungu chetu ni cha debe na kilo. Hata hivyo, katika shule ile ile tuliyoisema, mambo yamegeuka kidogo baada ya mikutano mitatu mirefu. Kwanza, wakati wa kukusanya umehamishwa. Zamani walidai mwezi wa Januari, ambapo ghala ni tupu na mvua inanyesha. Sasa hudai Julai na Agosti, mahindi yakiwa mapya. Hili lilisemwa na akina mama, nasi tulishangaa kwamba miaka yote hakuna mwanamume aliyelifikiri. Asiye na mahindi huleta kuni, au hulima siku mbili katika shamba la shule. Wajane na wazee wanaolea wajukuu peke yao wamesamehewa, na majina yao hayasomwi. Daftari la madeni limetoka ofisi ya shule, likapelekwa kwa serikali ya kijiji. Mwenye deni huitwa huko siku ya kikao, akaulizwa na wenziwe. Mwenye pikipiki mmoja alilipa siku ya pili yake, amekasirika, lakini alilipa.

Na watoto wote hupanga mstari. Yule wa darasa la tatu, ambaye tulikuja kujua kuwa ni mjukuu wa bibi yule aliyetucheka, hula polepole sana, akabaki wa mwisho, na wapishi humngoja awarudishie bakuli.

Wapishi wenyewe ni wanawake wawili. Fedha yao hutoka katika michango, nayo ndiyo huchelewa kuliko vyote, kwa kuwa mahindi yaonekana na jasho la mpishi halionekani. Mwezi wa Agosti hawakulipwa, nao hawakukosa hata siku moja kuwasha moto. Shauri lao limewekwa la kwanza katika kikao kijacho, na bibi yule ameomba apewe nafasi ya kusema.